Jumatatu ya Mieleka Isiyo na Watu

Ilianza Jumatatu, saa tisa na robo alasiri. Saa naijua kwa sababu Babu aliniuliza, nikamjibu, akasema, "Basi leo wamechelewa." Hawakuwa wamechelewa. Wanamieleka walishaingia ulingoni wote wawili, wanatazamana, mmoja anajipiga kifua. Ila Babu hakusikia kitu, akadhani bado.

Lembris na Naomi, nawaandikia ninyi wadogo zangu, kwa kuwa kuanzia wiki ijayo kazi ni yenu. Ningewaambia kwa mdomo, lakini mnanijua. Nikisimama kuelezea jambo langu mbele ya watu hata wawili, sijui mikono niiweke wapi. Kuandika naweza.

Msinicheke nikisema nastaafu. Najua, mtu wa miaka kumi na minane anastaafu nini? Nastaafu kumtangazia Babu. Nimeifanya kazi hiyo tangu mwaka ule shule zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa, na sasa nimepangiwa Form Five shule ya bweni, huko ambako nimeambiwa ni tambarare tupu, ukisimama uwanjani huoni hata kichuguu cha maana. Ninyi mlikuja kuishi hapa Lemara mwaka jana, mkanikuta nimekaa na Babu barazani namwambia, "Babu, Mama Eliya anapita, amesuka nywele mpya, hazijampendeza," naye anacheka mpaka kofia inamwanguka. Mkadhani ni umbea. Naomi, wewe ulisema kabisa, "Dada Nai kwa kusengenya!" Mdogo wangu, ile ni kazi, na ina namna yake.

Nianze na banda. Mjomba Saning'o alikuwa na banda la video, njia ya kwenda Sokon. Mabati, mabenchi, blanketi jeusi dirishani, na spika moja kubwa kama kabati. Siku za mpira aliweka mpira, siku nyingine muvi, na Jumatatu alasiri mieleka. Jumatatu kwa sababu mapambano makubwa, yale ambayo wenzetu wa ng'ambo wanayalipia moja moja ndipo waone, hupigwa kwao Jumapili usiku, na kwetu inakuwa alfajiri. Mpaka mchana Mjomba alikuwa ameshayapata kwenye flashi, usiniulize wapi.

Mtangazaji alikuwa yeye mwenyewe, na maiki iliyogandishwa kwa gundi. Hakuna mwanamieleka aliyeingia banda la Mjomba akatoka na jina alilopewa na mama yake. Mwenye kifua cha mraba akaitwa Kreti. Anayecheka na wewe halafu anakuvizia kwa nyuma akaitwa Shemeji. Yule anayenyoosha mikono juu na kufumba macho kabla hajampiga mtu akaitwa Mzee wa Kanisa, mpaka wazee wa usharika wakaja kulalamika, nao wakakaa wakaangalia pambano zima.

Kazi yangu enzi hizo ilikuwa kufagia maganda ya karanga na kumleta Babu kwa mkono mpaka benchi la mbele. Babu alikuwa haoni tayari. Presha ya macho ilimchukua polepole, na hapa kuna jambo mnatakiwa mlijue, kwa sababu bila hilo hamtaelewa mengine yote. Alipoanza kulalamika kwamba taa zina ukungu, nyumba nzima tulimwambia umeme ni mdogo. Mama alisema umeme mdogo. Mjomba akabadilisha balbu huku anajua. Hata Koko, bibi yetu, ambaye mtu mwingine mkweli kama yeye sijamwona, alisema, "Arusha yote iko hivyo, Baba Saning'o." Ilikuwa huruma. Babu aliamini mpaka siku moja amekaa nje saa sita mchana, jua la utosi, akauliza kama na jua nalo umeme wake umepungua. Hakuna aliyecheka. Tangu siku hiyo akawa hatuulizi tena habari ya taa wala ya macho.

Lakini mieleka aliendelea kuiona. Aliiona kupitia watu. Makelele ya watu kule ukumbini kwenye runinga, na makelele ya watu bandani, alikuwa anayasoma yote mawili. Watu wakivuta pumzi kwa pamoja, mtu amepanda juu ya kamba. Wakisema "ooh" nzito, ameanguka vibaya. Wakizomea, Shemeji amefika. Aliwahi kumwambia jirani yake kwenye benchi, "Angalia, refa hajaona," na refa kweli alikuwa amegeuka, na yule jirani akaniuliza kwa sauti ya chini, "Binti, huyu mzee mbona mnasema haoni?"

Halafu likatoka tangazo, mikusanyiko basi. Banda likafungwa. Mjomba akaanza kuuza ndoo za koki za kunawia mikono, na runinga na spika akavileta chumbani kwa Babu. Ile Jumatatu alichomeka flashi, akasema, "Mzee, leo pambano kubwa la mwaka, Kreti na Shemeji, fungate imeisha," akaondoka na ndoo zake. Tukabaki mimi na Babu. Koko alikuwa jikoni anachagua maharage ya makande.

Kilichokuwa kwenye runinga sikuwahi kukiona. Ukumbi mkubwa, taa zote, ulingo katikati, na viti vitupu mpaka juu. Hakuna mtu. Shemeji aliingia na mbwembwe zake zote, akanyoosha kidole kuelekea kwa mashabiki, na kule alikonyoosha kulikuwa na viti vimekunjwa.

"Ongeza sauti," Babu akasema.

"Imefika mwisho, Babu."

"Mbona siwasikii watu?"

"Watu hawapo."

"Hawapo wapi?"

"Hawapo ukumbini. Ni kwa ajili ya ule ugonjwa. Wanapigana wenyewe tu."

Babu akatega sikio. Halafu akainua mkono, akapiga kidole gumba na cha kati karibu na sikio la kulia. Akahamia la kushoto. Nilielewa anachofanya: anayapima masikio yake.

"Nai," akasema, "mtu gani anavaa chupi ya kung'aa akapigane mahali ambapo hakuna wa kumwangalia?"

"Kweli, Babu, hawapo."

"Na macho mlisema umeme mdogo."

Na mimi nilikuwemo kwenye wale waliosema umeme mdogo, japo nilikuwa mtoto. Babu akageuza uso ukutani. "Zima," akasema. "Kama na masikio yanaondoka, acha yaondoke bila kunichezea."

Sikuzima. Nilikimbia jikoni. Nataka mjue kwamba sikuwa na mpango wowote wa maana, nilikuwa mtoto wa Form One, na Babu alikuwa amegeukia ukuta. Nilichowaza ni kimoja: anataka watu, nimpe watu. Koko alikuwa na ungo umejaa maharage. Nikauchukua kutoka mikononi mwake.

"Wewe! Unakwenda wapi na chakula?"

"Narudi sasa hivi, Koko."

Nikasimama nyuma ya spika, nikaanza kuyazungusha maharage kwenye ungo. Jaribuni siku moja, ukizungusha polepole yanatoa sauti ya watu wengi wako mbali. Ukitikisa kwa nguvu wanashangilia. Kreti akarusha ngumi, nikatikisa. Shemeji akaanguka, nikatikisa tena. Nikajiona mjanja. Nikamwangalia Babu. Alikuwa ameacha kugeukia ukuta, kichwa amekiinamisha upande kama anavyofanya akisikiliza pikipiki ya nani inapita.

"Hayo ni maharage," akasema.

Nikasimama hapohapo.

"Ya njano. Na yamebunguliwa. Mwambie Koko wako nilimkataza kununua kwa yule mama."

Kutoka jikoni Koko akajibu, "Nimesikia! Na wewe umejuaje yamebunguliwa?"

"Yanalia mepesi."

Halafu sote watatu tukaelewa kwa wakati mmoja. Mtu anayesikia wadudu wamekula harage akiwa amekaa kitandani hana shida ya masikio. Babu akacheka. Hakucheka kwa nguvu, alitoa pumzi tu puani. "Kwa hiyo kweli hawapo," akasema.

"Kweli, Babu. Viti vitupu."

"Hebu weka chakula chini unieleze wanafanya nini."

Lembris, mwalimu wangu wa Kiswahili wa Form One alikuwa akiniita kusoma kifungu cha habari, nasoma kwa sauti ambayo hata mimi siisikii. Na sasa naambiwa nitangaze mieleka. Nikaanza vibaya sana. "Amempiga," nikasema. "Amempiga tena. Sasa yule naye amempiga."

"Nani kampiga nani, wapi? Mtu hapigwi hewani."

"Kreti kampiga Shemeji upande wa kulia."

"Kulia kwangu, kulia kwako au kulia kwa Kreti?"

Hapo ndipo wengi watakosea, nanyi mtakosea. Kulia na kushoto ni maneno ya mtu anayeona. Nilihangaika nayo mpaka nikaangalia chumba cha Babu, chumba anachokijua kuliko mkono wake. Ulingo una kona nne, na chumba kina kona nne. Nikasema, "Babu, Shemeji amebanwa kona ya jikoni."

"Ehee!"

"Kreti anatokea kona ya mlango, anakuja mbio, anapita mbele ya kitanda chako—"

"Mpishe apite!"

"—Shemeji amekwepa! Kreti amejigonga kona ya jikoni mwenyewe!"

"Masufuria ya Koko!" Babu akapiga paja.

Tangu siku ile hakuna kitu nimemtangazia Babu bila kukiweka kwanza ndani ya chumba chake. Harusi ya Mjomba, bwana harusi alisimama kona ya dirisha la mlima, lile linalotazama kaskazini, mkwe alikaa kona ya mlango. Ukimpeleka kanisani, weka madhabahu kona ya jikoni. Msijali, Mungu anaelewa.

Katikati ya pambano nikagundua natoa sauti. Sauti kubwa. Koko alikuwa amesimama mlangoni na mwiko, na nje ya dirisha watoto wa Mama Eliya walikuwa wamesimama wameachiana nafasi kama walivyofundishwa, wanasikiliza. Kama ningewaona mapema ningenyamaza. Niliwaona nimeshachelewa, Kreti yuko juu ya kamba, siwezi kumwacha pale.

Na hapo ndipo Babu alipoinua mkono. "Subiri. Nyamaza kidogo."

Nikanyamaza. Ukumbini kule kulikuwa kimya kiasi kwamba tulisikia viatu vikilia kwenye mbao, na kamba zikivutika, na mtu akihema. Kreti alishuka, akamkamata Shemeji shingoni, akainama karibu na sikio lake, na kabla hajamnyanyua kumrusha, kuna kitu alisema. Kidogo sana. Mimi nilikiona tu kwa midomo. Babu alikisikia.

"Amemwambia nini?"

"Sijui, Babu, ni Kiingereza cha chinichini. Kama amesema 'sasa'."

Akamrusha. Sakafu ikalia mpaka dirisha la Babu likatikisika, na Shemeji akaanguka kwa mgongo mzima, vizuri, kama mtu aliyejitupa kitandani kwake.

Refa alishapiga sakafu, moja, mbili, Shemeji akainua bega, na Babu bado yuko palepale pa nyuma. "Kumbe wanaambiana," akasema. "Miaka yote hiyo watu wanapiga kelele, sikuwahi kusikia. Anamwambia kabla hajamrusha."

Hili ndilo la muhimu kuliko yote nitakayowaandikia. Mwambie kabla. Usimwambie "pole Babu, kulikuwa na ngazi." Sema ngazi wakati mguu bado uko hewani. Usimwambie aliyekuja alikuwa nani baada ya kuondoka. Na kama habari ni mbaya, vilevile. Ng'ombe wetu Namelok alipokufa, Mama aliniambia nisubiri Babu anywe chai kwanza. Sikusubiri. Aliacha chai, lakini alinishika mkono.

Kreti alishinda. Alisimama katikati ya ulingo, akainua mikono pande zote nne, kona ya jikoni, kona ya mlango, kona ya kitanda, kona ya dirisha la mlima, na hakuna aliyempigia makofi. Nilimtangazia Babu hivyohivyo. Babu akasema, "Maskini ya Mungu," akaanza kupiga makofi. Koko akapiga mwiko kwenye fremu ya mlango. Watoto wa Mama Eliya wakashangilia dirishani. Mimi, kumbe ungo sikuwa nimeuweka chini, nilikuwa bado nimeushika.

Banda lilifunguliwa baadaye, mnajua, na Mjomba alisikia sifa zangu akataka nishike maiki. Nilivaa gauni la kanisani. Watu walijaa. Nikasimama mbele yao, nikasema "Karibuni," na hilo ndilo neno pekee nililolisema kwenye maiki maishani mwangu. Vijana wa benchi la nyuma wakaanza, "Dada, umeme umekata?" Nilimrudishia Mjomba maiki, nikaenda kukaa miguuni kwa Babu. Akainama akaniambia, "Niambie mimi tu." Nikamwambia yeye tu. Basi benchi la mbele likanyamaza ili lisikie, halafu la pili, halafu kaka mmoja akasema, "Mjomba, hebu punguza maiki yako, tunamsikiliza huyu." Mjomba alininunia wiki nzima.

Ila Babu aliporudi nyumbani siku ile hakuwa na furaha niliyotegemea. Watu walikuwa wamerudi, bandani na kule kwenye runinga, maelfu, wanapiga kelele kama zamani. Alivua viatu, akasema, "Wamenizibia." Nikamuuliza nini. "Yule anayesema 'sasa'. Nimemtafuta, sikumpata." Akaomba Mjomba amtafutie lile pambano la viti vitupu. Mjomba alikuwa ameshalifuta, ameweka muvi ya majambazi juu yake. Alitafuta kwa watu, akaleta jingine, na jingine, Babu akasikiliza dakika mbili akasema siyo lenyewe.

Kwa hiyo tunalo mimi na yeye tu. Mara nyingine mkinikuta namtangazia na runinga imezimwa, ni hilo. Nalijua lote, kuanzia Shemeji anaponyoosha kidole kwenye viti. Nikifika pale Kreti anapoinama, nanyamaza kidogo, na Babu anasema mwenyewe, "Sasa." Jana alinitaka nilirudie, nikarudia. Alipomaliza kusema "sasa" hakuniachia mkono haraka, akaniuliza huko ninakokwenda watu wanaongea taratibu au wanapayuka. Nikamwambia sijui, Babu. Nikasema nikifika nitakupigia nikuambie. Nimeshaanza kumkumbuka, na bado yuko hapa chumba cha pili, namsikia anakohoa.

Hilo pambano nimewaandikia hapa ili nanyi mlijue, lakini msilifanye lenu. Tafuteni la kwenu. Muulizeni yeye mnaanzia wapi.

Nimebakiza asubuhi iliyofuata pambano lile la viti vitupu, ile Jumanne.

Babu alikuwa hajakaa nje tangu habari ya umeme wa jua. Niliamka, nikakuta ameshavaa koti na kofia, amekaa ukingoni mwa kitanda. Nikamsalimia, "Shikamoo, Babu." Akaitikia, "Marahaba," akanyoosha mkono. Nikamwambia ngazi, mguu ukiwa hewani. Nikamwambia kuku, nikamwambia dimbwi, nikamwambia ndoo ya koki ambayo Mjomba ametuachia. Nikamkalisha kwenye kigoda, uso kaskazini, nikamletea chai, na yangu nikaiweka chini.

"Mlima upo?" akauliza.

Niliangalia. Kulikuwa na ukungu mzito kutoka migombani kwetu mpaka mbinguni, mweupe, hakuna hata mstari. Nilijua mahali ulipo, ningeweza kuutangaza wote, bega kwa bega, na nadhani ningeutangaza vizuri.

"Haupo, Babu," nikasema. "Ni mawingu matupu."

Hakupiga vidole masikioni. Hakuuliza mara ya pili. Akapuliza chai yake, akanywa.

"Haya," akasema. "Ukitokea, sema."

Nikageuza ndoo ya maziwa, nikakaa juu yake pembeni yake, nikaangalia upande wa mlima mpaka chai yangu ikapoa.